Mbio Huanzia Katika Hesabu: Maneno kwa Waendeshaji Wapya na Wenye Pikipiki

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama wapya, Daraja Mbili, Kisii. Yamepigwa chapa hapa ili wale waliokuwa kazini wakati wa mkutano nao wapate kuyasoma. Tafadhali ukimaliza mpe mwenzako.)



Nimeombwa niseme na wale wanaoanza kazi hii, na wale wanaonunua pikipiki kwa mara ya kwanza. Sitasema maneno makubwa. Nitasema yale ambayo mtu akiyajua mwezi wa kwanza humfaa, na akiyajua baada ya mwaka huenda amekwisha kulala hospitali.

Kazi yetu haikuanza na pikipiki. Jina la bodaboda lilitoka mpakani, upande wa Busia, ambako katika miaka ya 1960 watu walibebwa kwa baiskeli kutoka boda mpaka boda. Pikipiki zilikuja kwa wingi baada ya serikali ya Kenya kuondoa kodi ya VAT, mwaka 2008, kwa pikipiki zisizozidi 250 cc. Tangu hapo vijana wengi ambao hawakuwa na shamba wala ajira wamepata chakula kwa njia hii. Tazameni hapa Daraja Mbili siku ya soko. Ndizi, chinsaga, managu, kuku, miwa, vyote vinafika kwa pikipiki kutoka Marani, Mosocho, Keumbu na vijiji visivyofikiwa na gari. Basi hii ni kazi, tena kazi ya heshima, na kazi yoyote ina kanuni zake.

Watu wengi husema vijana wa pikipiki ni wakorofi na wanapenda mbio. Mimi nasema mbio hazianzii katika mkono unaovuta mafuta. Zinaanzia katika hesabu, yaani zile pesa ambazo kijana huahidi kumpelekea mwenye pikipiki, au kampuni ya mkopo, kila jioni. Kwa hiyo nitaanza na hesabu, kisha ndiyo nifike kwenye breki.

1. HESABU YA SIKU

Tufanye mfano. Nambari hizi ni za mfano tu, kila mmoja aweke zake. Tuseme kijana amepata shilingi 1,000 kwa siku nzuri. Petroli imekula 350. Hesabu ya mwenye pikipiki ni 400. Chakula chake ni 100. Zimebaki 150. Katika hizo 150 mtoe oili, tairi, bima, kodi ya nyumba na karo ya mtoto.

Sasa ije siku ya mvua. Amepata 600. Petroli 200, chakula 100, zimebaki 300. Hesabu ni ile ile 400. Kijana amefanya kazi kutoka alfajiri mpaka jioni na bado anadaiwa 100. Atafanya nini? Atakaa barabarani mpaka saa tano za usiku. Atabeba abiria watatu badala ya mmoja. Atakimbia ili arudi steji haraka kabla ya mwenzake. Na zile breki zilizokwisha atasema, "Nitazibadilisha wiki ijayo."

Ndugu zangu, ajali ya saa tano za usiku ilianza saa nne za asubuhi, wakati mvua iliponyesha na hesabu ikakataa kupungua. Ndiyo maana chama hakiwezi kusema juu ya usalama bila kusema juu ya mapatano.

2. MAPATANO YAANDIKWE

Wengi wetu tumepewa pikipiki kwa maneno ya mdomo, kwa kuwa mwenyewe ni mjomba au jirani. Undugu ni mwema, lakini yafaa uandikwe. Chukueni karatasi moja, mwandike mambo haya, kila mtu atie sahihi mbele ya shahidi:

(a) Hesabu ni kiasi gani, na ni siku ngapi kwa wiki. Sisi tunasema siku sita. Siku ya saba ni ya mtu kupumzika na chombo kutazamwa.

(b) Siku ya mvua kubwa, au siku pikipiki iko kwa fundi, itakuwaje. Yafaa isihesabiwe, au ihesabiwe nusu.

(c) Nani hununua oili, nani hununua tairi, cheni na breki. Kwa kawaida mwendeshaji hutia petroli, na mwenye mali hulipa vitu vikubwa. Lakini kama haikuandikwa, kila mmoja atamngoja mwenzake, na tairi itazidi kuisha.

(d) Nani hulipa bima, na inakwisha tarehe gani.

(e) Kama pikipiki itakuwa ya kijana baada ya kulipa kiasi fulani, andikeni kiasi hicho, na kila malipo yaandikwe katika daftari mbili, moja kwako na moja kwake. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Nanyi mama zetu, na wote wenye pikipiki, msidhani kwamba haya ni ya kuwanyang'anya. Kijana asiyekimbizwa na deni hutunza chombo. Anayekimbizwa hukirudisha gereji, au hakirudishi kabisa.

3. KUNUNUA

Anayenunua mpya kwa mkopo na azidishe kabla ya kutia sahihi. Tuseme bei ya taslimu ni shilingi 180,000. Kwa mkopo unatoa 30,000 mwanzo, kisha 450 kila siku kwa miezi 18. Siku hizo ni kama 540. Zidisha, ni 243,000. Ongeza zile 30,000 za mwanzo, jumla 273,000. Basi umelipa 93,000 zaidi ya bei. Huenda bado inakufaa, kwa sababu pikipiki inaleta pesa kila siku. Lakini uamue ukiwa unajua. Muulize pia mkopeshaji: nikiugua wiki mbili, itakuwaje? Mkiichukua pikipiki, pesa nilizolipa zinakwenda wapi? Ikiibiwa, nani anadai bima? Jibu liwe kwenye karatasi. Neno tamu la mwuzaji halina sahihi.

Anayenunua iliyotumika atazame nambari ya injini na nambari ya chesi, azilinganishe na zile za logibuku, tarakimu kwa tarakimu. Zikihitilafiana, ondoka hata kama bei ni nzuri. Kama pikipiki bado ina deni, jina la mkopeshaji litakuwa kwenye logibuku, na haiwezi kuwa yako mpaka deni liishe. Usilipe pesa zote kabla jina halijahamishwa. Nenda na fundi unayemwamini, mwache aisikilize injini ikiwa baridi, kwa maana mwuzaji mjanja huipasha moto kabla hujafika.

4. KARATASI ZAKO

Leseni ya kubeba abiria kwa malipo ni ya daraja la A3. Usikubali kufundishwa asubuhi na kubeba mtu jioni. Bima ni lazima kwa sheria, nayo iwe ya kubeba abiria. Ukibeba abiria wa malipo kwa bima ya mtu binafsi, siku ya ajali kampuni itapata njia ya kukataa, na wewe na mwenye pikipiki mtabaki na kesi.

Jambo jingine ni bima ya afya. Mfanya kazi wa ofisini hukatwa pesa za SHA katika mshahara, tangu SHA ilipochukua kazi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Sisi hatuna wa kutukata. Hapana budi tujikate wenyewe. Mguu uliovunjika unaweza kumweka mtu nyumbani miezi mingi, na katika miezi hiyo hesabu haimngoji. Steji iliyo na mfuko wa pamoja, hata wa shilingi kidogo kila siku, imewaokoa wengi wasiuze shamba la mzee.

5. KILA ASUBUHI, DAKIKA TANO

Kabla hujapiga moto, zunguka pikipiki mara moja ukitazama.

Tairi: bonyeza, tazama meno yake, tafuta msumari. Tairi yenye upara haifai kwa matope yetu. Upepo wa tairi ya nyuma uwe kama kitabu cha pikipiki kinavyosema kwa safari ya watu wawili, kwa sababu sisi hatuendi peke yetu.

Breki: vuta ya mbele, kanyaga ya nyuma. Ikiwa mkono unafika karibu na mshikio ndipo breki ikamate, usitoke.

Cheni: ishike katikati, upande wa chini, uipandishe na kuishusha. Icheze kidogo, kama upana wa vidole viwili. Ikilegea sana huruka, na ikikazwa sana hukatika. Itie mafuta baada ya kila siku ya matope.

Oili: pima pikipiki ikiwa imesimama wima, mahali tambarare. Injini ndogo za 100 au 150 cc huchukua oili kama lita moja tu. Lita hiyo ndiyo damu yote ya chombo. Ikipungua nusu, injini inakufa huku wewe unaimba. Pikipiki mpya ibadilishwe oili mapema, karibu kilomita 500 za kwanza, na katika siku hizo usiivute sana wala usiipandishe mlima na mzigo mkubwa.

Taa na honi: zote, ya mbele, ya breki na indiketa. Vioo vya pembeni si mapambo. Anayeving'oa amejitoboa macho ya nyuma.

Dakika tano hizo hazimnyimi mtu abiria. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

6. BARABARA ZETU

Kisii na Nyamira ni nchi ya milima na mvua. Hatukai mwezi mzima bila mvua, na mara nyingi inakuja mchana au jioni, wakati watu wanaporudi nyumbani. Kwa hiyo mafunzo ya nchi tambarare hayatutoshi.

La kwanza ni kuteremka. Vijana wengi huzima injini juu ya mlima na kuteremka fri ili kuokoa petroli. Petroli unayookoa ni ya shilingi chache. Unachopoteza ni hiki: injini ikiwa kwenye gia hukusaidia kuzuia mwendo. Ukiizima, kazi yote inabaki kwa breki, nazo zikipata moto hukamata kidogo kidogo mpaka hazikamati. Tena katika pikipiki nyingi ndogo taa kubwa haiwaki injini ikizimwa, basi usiku unateremka kipofu. Kanuni ya zamani ya madereva ni nzuri: teremka kwa gia ile ile ambayo ungepandia.

La pili ni breki mbili. Wapo wanaoogopa breki ya mbele, wakisema humtupa mtu. Humtupa anayeivuta kwa ghafula wakati amekata kona au yuko juu ya matope. Kwenye barabara kavu, ukiwa umenyoka, breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kubwa. Tumia zote mbili pamoja, ukivuta polepole kisha ukizidisha. Kwenye matope punguza mwendo mapema ili usihitaji breki kabisa.

La tatu ni mvua ya kwanza. Matone ya mwanzo huchanganyika na vumbi na oili iliyomwagika barabarani, na lami inakuwa kama sabuni. Ngoja kidogo, mvua ioshe barabara. Jihadhari pia mahali njia ya udongo inapoingia lami, kwa kuwa malori ya majani chai na pikipiki zenyewe huleta tope jekundu juu ya lami.

La nne ni mwendo. Ukienda kilomita 40 kwa saa, kila sekunde unapita mita 11. Ukienda 60, unapita karibu mita 17. Mtoto akitokea kati ya vibanda, mkono wako unahitaji kama sekunde moja kabla haujaanza kuvuta breki. Na ukizidisha mwendo mara mbili, breki zinahitaji nafasi mara nne. Mjini na katika vituo vya biashara sheria inasema mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Katika siku ya soko hapa Daraja Mbili hata 20 ni nyingi, maana mama mwenye gunia mgongoni hawezi kukuruka.

7. KOFIA, ABIRIA NA MZIGO

Sheria ya barabara ya Kenya inataka mwendeshaji na abiria wavae kofia ngumu na koti lenye kung'aa, na abiria awe mmoja. Wengi wanaitii wakiona polisi tu. Mimi nawaomba muitii mkiona watoto wenu. Watafiti waliokusanya habari za uchunguzi wa nchi nyingi, mwaka 2008, walikuta kwamba kofia hupunguza majeraha ya kichwa kwa kiasi cha asilimia 69, na vifo kwa asilimia 42. Hakuna dawa ya duka yenye nguvu hiyo. Lakini iwe kofia ya pikipiki, na ukanda wake ufungwe chini ya kidevu. Kofia isiyofungwa hufika chini kabla ya kichwa chako. Iliyokwisha kuanguka vibaya au kupasuka usiivae tena.

Abiria wengi hukataa kofia kwa sababu ni chafu na inanuka. Wana haki. Ioshe kitambaa chake, ianike juani, au uweke vitambaa safi vya kichwa. Mama aliyesuka nywele zake asubuhi atakushukuru.

Watoto wa shule msiwapange watatu au wanne kama mikate. Mzazi akikusihi mwambie, "Mama, nitarudi mara ya pili." Akikasirika, afadhali hasira yake kuliko kilio chake.

Mzigo usiwe mpana kuliko nafasi yako barabarani, wala usikuzibe vioo. Ufunge chini na katikati. Mkungu wa ndizi ulioning'inia upande mmoja hukuvuta kwenye kona. Na mzigo mzito usiuchanganye na mtu.

8. AJALI IKITOKEA

Kuna msemo kwamba ajali haina kinga. Yote niliyosema tangu nianze ni kinga. Lakini hata mwangalifu huweza kugongwa, basi mjue la kufanya.

Kwanza, simamisheni magari mbali na mahali hapo, pande zote mbili, ili pasitokee ajali ya pili. Damu ikitoka sana, bonyeza kidonda kwa kitambaa safi bila kuachia. Usimvue mtu kofia kwa nguvu, wala usimkalishe majeruhi katikati ya watu wawili juu ya pikipiki. Aliyeumia shingo au mgongo anaweza kupooza kwa safari hiyo ya huruma. Tafuteni gari, alazwe amenyooka, apelekwe hospitali.

Pili, msichome gari. Najua hasira ya kumwona mwenzako amelala barabarani. Lakini gari lililochomwa halimrudishii mtu mguu wake. Limeteketea pamoja na ushahidi, na kesi iliyokuwa yetu inakuwa juu yetu. Pigeni picha, andikeni nambari ya gari na majina ya mashahidi, mpeleke habari polisi, mpate nambari ya OB na baadaye abstrakti. Bila karatasi hiyo madai ya bima hayaendi. Chama kinaweza kumsindikiza mwanachama kudai, lakini hakiwezi kudai kwa majivu.

9. MWISHO

Ndugu zangu, nasema tena lile la mwanzo. Mkituambia twende polepole huku hesabu inatupiga viboko, mnatuomba lisilowezekana. Kwa hiyo steji nzima na ikae pamoja, ikubaliane hesabu ya haki, siku ya mapumziko na kanuni ya siku ya mvua, kisha twende kwa wenye pikipiki tukiwa pamoja na tuzungumze kwa heshima. Mtu mmoja akiomba ataambiwa, "Leta ufunguo, wapo wengine kumi." Steji yote ikiomba, itasikilizwa. Hiyo ndiyo kazi ya chama.

Nanyi mnaoanza leo, kofia ifungwe, breki zitazamwe, daftari liandikwe. Mwenda pole hajikwai, na akijikwaa haanguki kwa mbali.



(Wanachama wanaotaka mfano wa karatasi ya mapatano kati ya mwendeshaji na mwenye pikipiki wamwone katibu wa steji yao. Hailipiwi chochote.)